Baba Alinyamaza Uwanjani

S.L.P. 61,
Mbalizi,
Mbeya.
17 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Aroni,

Kamwene! Mnaendeleaje huko Finland, wewe na wifi Goodness, na huyo Saulo wenu ambaye naambiwa Kiswahili kimeshaanza kumpiga chenga? Baridi imeshawakamata? Mama kila nikienda Iringa ananiuliza kama unavaa soksi mbili, na mimi kila mara namdanganya kwamba ndiyo. Mimi nipo, mafua tu ya vumbi la hapa Mbalizi, na darasa langu la watoto tisini na mbili ambalo limenimaliza koo. Mvua bado zinatuchungulia tu.

Utashangaa kupata barua ya karatasi enzi hizi. Mchungaji Tadeo anakuja huko na ujumbe wa dayosisi, nimemwomba aibebe ndani ya Biblia yake. Kwenye simu ningekuambia nusu, ungeuliza swali, ningeanza kulia, na mtandao wetu ungekatika hapo hapo. Isome ukiwa umekaa.

Kwanza Baba. Hali si nzuri, Aroni, sitakupambia maneno. Upande wa kulia haujarudi. Anakula uji, Mama anamlisha kwa kijiko na kumfuta kidevu. Maneno hakuna kabisa. Anatoa sauti moja tu, na Mama anadai anaielewa, wakati mwingine wanagombana kwa hiyo sauti moja. Amekonda mpaka saa yake ya mkononi inazunguka yenyewe. Daktari hakutuficha, alisema tusihesabu mwaka mwingine mzima.

Na nimesikia Krismasi huji. Mama aliniambia ulisingizia kazi. Kazi gani, Aroni? Mimi nimekubeba mgongoni, nakujua ukidanganya hata kwa ujumbe wa simu. Huji kwa sababu ya kile kikao cha ukoo cha Septemba, baba mkubwa Bartholomeo alipokuweka kwenye spika mbele ya watu wote, akasema mzee wa miaka sabini na tatu, mtu wa baridi ya Mufindi, umemtumia tiketi akaangalie mpira wa Wazungu kwenye joto la Dar, na sasa joto limempiga na umetuulia mtu. Ulisema, "Nisameheni," ukakata. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale kwenye mkeka. Sikufungua mdomo. Na nilikuwa najua kitu ambacho hakuna mwingine aliyekijua.

Nataka ujue kwanza kwamba Baba alikwenda Dar akiwa na furaha ambayo sijawahi kuiona. Siku tatu kabla alianza kuvipaka chokaa vile viatu vyake vyeupe vya turubai. Akavaa koti la klabu ya tenisi ya Mufindi, lile la kijani lenye kifungo kimoja, na nilipomwambia Dar ni joto akaniambia hajawahi kuingia uwanja wa tenisi amevaa kama muuza mitumba. Njia nzima, kuanzia Iringa mpaka tunashuka Kitonga na kuendelea, alikuwa anamweleza abiria wa pembeni jinsi walivyokuwa wanaponda udongo wa kichuguu, wanauchekecha na kuukandamiza kwa lile jiwe la kuvuta watu wanne, ili uwanja wa mashamba ya chai uwe mwekundu na laini. Yule kijana wa watu alisikiliza mpaka Morogoro, Mungu ambariki.

Tulipofika uwanjani hakuangalia watu. Aliinama pembeni ya uwanja, akaugusa kwa vidole, akaniangalia kwa masikitiko. "Tekla, hii ni simenti imepakwa rangi ya bluu." Nilicheka mpaka nikaona aibu. Lakini walipoanza kucheza alisahau simenti. Wachezaji wa kulipwa, Aroni, siyo wale wa kwenye simu yako. Mpira unasikika mlio wake kifuani. Baba alikuwa anahesabu kwa midomo bila sauti, fiftini lavu, thati lavu, kama alivyokuwa akituhesabia sisi na vibao vyetu vya mbao nyuma ya jiko.

Unakumbuka ile hadithi ya siafu? Alipokuwa mtoto mwokota mipira pale klabu, na nyapara wao akiwaambia mpira ukiwa unachezwa hutikisiki, hata siafu wakiingia kwenye kaptula. Aliwahi kufukuzwa wiki nzima kwa kupiga chafya. Sisi tulikuwa tunaifanya mchezo, tunatekenyana tuone nani ataanza kucheka. Na yeye kabla hatujakaa kwenye viti kule Dar alinionya kama mtoto wa darasa la kwanza: hakuna kuongea, hakuna kuinuka, mpaka wachezaji wabadilishane upande na kukaa kupumzika. Mimi mwalimu wa miaka ishirini na mbili nikajibu, "Sawa, Baba."

Siku ya pili, mchana, alikuwa anacheza msichana mmoja wa Burundi na mwenzake wa Misri. Baba alikuwa ameshamchagua yule wa Burundi, sijui kwa nini, nadhani kwa sababu viatu vyake vilikuwa safi. Ikafika geimu moja isiyoisha. Huyu anapata pointi, mwenzake anasawazisha, wanarudi pale pale. Watu wote kimya. Mimi nilikuwa nimekaa kulia kwa Baba.

Akanishika kifundo cha mkono. Alinishika kwa nguvu, mpaka bangili ikaniumiza. Nikadhani ni utamu wa mchezo. Baadaye kidogo vidole vikalegea, kimoja kimoja, mkono ukaanguka juu ya kiti. Nikageuka. Jasho lilikuwa linamtiririka na jicho moja lilikuwa limekaa vibaya. Nikamnong'oneza, "Baba, vipi?"

Aroni, aliinua mkono wa kushoto, akaweka kidole mdomoni.

Na mimi nikanyamaza. Hicho ndicho kitu ambacho sikukisema. Niliona, na nikanyamaza. Nikageuka kuangalia mpira. Kwenye ubao wa matokeo kulikuwa na saa, nayo ilikuwa saa tisa na dakika tano. Nilijiambia geimu ikiisha tu namwongoza kivulini, namnunulia maji. Nikawa naiombea iishe, na wale mabinti wakawa wanasawazisha tu. Nilikuwa naogopa nini? Naogopa kuinuka mwanamke wa Mbalizi katikati ya watu wenye miwani ya jua, refa anitolee macho, na Baba aaibike kwa sababu yangu mahali alipopaota maisha yake yote. Basi. Hakuna sababu nyingine.

Ilipoisha ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na mbili. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga makofi, Mungu anisamehe, nikageuka na kumwambia, "Baba, wako kashinda," nikaona mdomo umeshakwenda upande.

Hospitali daktari aliniuliza ilianza saa ngapi. Nikasema, "Sasa hivi, tulipokuwa tunainuka." Akaniuliza tena, akasema muda ni muhimu sana kwa ugonjwa wa kiharusi. Nikarudia vile vile. Sijui zile dakika kumi na saba zingebadilisha nini. Labda zisingebadilisha kitu, labda leo angekuwa anamgombeza Mama kwa maneno kamili. Sitajua, na hilo ndilo ninalolala nalo na kuamka nalo. Ila joto halikumpiga, na wewe hukumuua mtu. Wewe ulimpa siku mbili nzuri kuliko zote alizowahi kupata. Aliyekaa karibu naye ni mimi.

Kwa hiyo kwenye kikao baba mkubwa alipokubebesha wewe lawama, niliona nafuu. Nakuambia ukweli ulivyo. Uko mbali, nikajiambia, hawawezi kukukazia macho kila Jumapili kanisani. Nikakuacha ubebe. Dada mtu mzima! Hata mimi mwenyewe nimejichoka.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilikwenda Iringa nikiwa nimeamua. Nilimwambia Mama kwanza, jikoni, akiwa anakoroga uji. Hakunipiga wala kupayuka. Alizima moto, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Nenda kamwambie mwenyewe."

Nikaenda nikapiga magoti kando ya kitanda. Viatu vyeupe viko chini pale, Mama anavipaka chokaa mpaka leo. Nikamweleza Baba yote, mkono alionishika, saa niliyoiona, uongo niliomwambia daktari, na jinsi nilivyokuacha wewe uitwe muuaji. Nikamwambia nitamwandikia Aroni, na nikitoka hapo nakwenda kwa baba mkubwa kusema yote haya mbele ya ukoo. Alikuwa ananitazama muda wote. Machozi yalimtoka jicho moja tu, lile zima.

Halafu akainua mkono wa kushoto, polepole, akaweka kidole mdomoni.

Sijui alitaka kunifichia siri yangu, au alikuwa ananibembeleza nisilie, au ni ile ile adabu yake ya uwanjani. Nimewaza mpaka nimechoka. Lakini mara hii sikumtii, Aroni. Nilikwenda kwa Bartholomeo siku hiyo hiyo nikasema, na sasa nimekuandikia wewe. Baba mkubwa ameninyima mkono, na shangazi Damari hapokei simu zangu. Sawa, ni haki yao. Na wewe ukitaka kuninyima mkono, ninyime, lakini ninyime ukiwa Iringa. Njoo Krismasi. Njoo umwone akiwa bado anakujua. Usimngojee afike mahali ambapo mtakuja kumwangalia watu wote mmenyamaza.

Mama anakusalimu, ameniambia niandike kwamba kitanda chako kimetandikwa tangu wiki iliyopita na hataki kusikia habari za kazi. Isakwisa wangu anamsalimu mjomba wake. Mpe wifi shikamoo zangu za utani, na umbusu Saulo, umfundishe walau kusema "babu." Mungu aliyewalinda nyie huko kwenye giza la majira ya baridi awalete salama hapa kwenye mwanga, na kama ana la kunihukumu mimi, basi asikuchanganye wewe humo.

Nakupenda, hata kama kuanzia leo wewe hutaweza,

Dada yako,
Tekla