Mkubwa wa Bibi

Makole, Dodoma

Mjukuu wangu Neema,

Huku sote tu wazima, na zabibu za Hombolo mwaka huu zimekubali. Umeniuliza kwa nini nilipenda kazi ya miamba.

Nikiwa mwanafunzi wa jiolojia, nilihitaji kipande cha mwamba wa nyumbani kwetu Chamwino. Bibi yangu aliyenilea alikuwa akianika uwele juu yake, akakataa. "Utaniharibia mwamba wangu." Nilimbembeleza mpaka akaniruhusu nimegue pembeni.

Maabara ilipima chembe za madini zilizokuwa ndani ya kile kipande. Majibu yalipotoka nilimkimbilia. "Bibi, mwamba huu una zaidi ya miaka bilioni mbili. Uliganda wakati bara letu likianza kujengeka."

Rika lake lote lilikuwa limeshazikwa. Kijijini hakuna aliyemzidi umri. Aliupapasa mwamba, akapiga goti.

"Shikamoo," akauambia, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Miaka yote hii naamkiwa tu. Leo na mimi nimepata mkubwa wangu."

Mimi nilimpelekea namba, mjukuu wangu, yeye akapata ndugu. Nikajua nimeipata kazi yangu.

Usome kwa furaha.

Babu yako Yohana