Matone Matano kwa Magoti ya Hermina

Delphine na Alix wanangu,

Nimekwenda mtamboni kutoa mafuta, majani ya mbei, ule mti wetu wa harufu, yameshafika. Ndizi ziko sufuriani.

Kichupa cha mafuta ya mbei yenyewe kiko juu ya kabati, msikiguse, ni makali. Ya kupaka ni haya ya mezani: vijiko vikubwa viwili vya mafuta ya nazi, matone ~~kumi~~ matano ya mbei. Maji hapana. Wiki jana niliyatia, mbei ikaelea juu, ikamchoma mama yenu mdogo Hermina magotini. Akaniambia, "Shemeji, dawa hii tumeizika na dada yangu."

Leo asubuhi nimekumbuka marehemu alivyokuwa akidondosha: kila tone na jina la mdogo wake mmoja. Wako watano. Nilimpaka Hermina mkononi kwanza, tukangoja, hakuwashwa. Ndipo nikampaka magoti. Akanusa, akauliza:

"Na mimi umenitaja?"

"Wa kwanza."

"Muongo. Mimi kitinda mimba."

Ameshuka ngazi zote bila fimbo.

Delphine, una mimba, usijipake.

Mkipita makaburini, mwambieni mama yenu nimeipata dawa yake.

Baba