Mashua Aliyoshindwa Kuiuza

Mjukuu wangu Wekesa,

Sisi huku Nakuru tuko wazima, ila nyanya yako amekataa miwani. Umeniuliza kama uuze ile boti yako ya kujifurahisha hapo Kisumu.

Miaka ya hamsini nilikuwa mpishi wa mzungu mmoja kando ya Ziwa Naivasha. Alitaka kuuza mashua yake ya tanga. Kila mnunuzi akija, bwana alimpandisha mwenyewe, wanazunguka ziwani, kisha anarudi akicheka: "Mpishi, hii hatuuzi!" Jumapili moja mnunuzi alifika, bwana akabaki barazani na chai yake. "Mpishi, mpeleke akaione." Nikajua imeuzwa.

Barua yako imenieleza rangi ya boti na injini yake. Haikusema uliipanda lini mara ya mwisho.

Babu yako