Moshi wa Kufukuzia Mbu

Mama yangu wa chai ya tangawizi,

Leo mvua imeshika Mpanda tangu asubuhi, nami nimekuona. Sijui ni usingizi au ni mvuke wa sufuria, ila nimekuona ukipita kati ya meza za mgahawa wako, birika mkononi, ukizama na kuibuka kwenye moshi kama nilipokuwa mdogo. Nilikuwa naona mikono kwanza, halafu kanga, halafu uso ukija taratibu, unacheka.

Masika ulifunga madirisha yote. Wakulima wa tumbaku wa Mishamo walijaa humu kusubiri mvua ikatike, kila mmoja na msokoto wa majani aliyoyakausha mwenyewe, na Baba Mdogo, mdogo wake marehemu baba, ndiye kiranja wao. Nikikohoa uliniambia, "Acha wavute, mwanangu. Moshi unafukuza mbu." Nilikuamini. Tena niliupenda, kwa sababu ulikaa kwenye kanga yako, na nikijifunika nayo nilijua uko karibu.

Mbu wenyewe hawakuondoka, Mama. Walitunyonya humo humo.

Kisha kifua chako kikaanza kubana. Daktari alipokuuliza umevuta sigara miaka mingapi, ulicheka mpaka pumzi ikakatika. "Mimi? Hata kuishika sijawahi!" Daktari hakucheka. Aliuliza unafanya kazi wapi.

Sasa umetangulia, na mgahawa ni wangu. Mwanangu Tumaini alipoanza kukohoa kikohozi chako, niliingiwa na hofu. Nikafungua madirisha, nikaweka wavu, nikasema anayevuta akavutie nje. Wateja wakaninunia. Baba Mdogo alisusa kabisa, eti nimefukuza wageni wako. Iliniuma, maana wageni hao ndio ulioniachia. Halafu chumba kikaanza kunukia wali na tangawizi tu, harufu yako siipati tena, nikakulilia upya kama umeondoka wiki hiyo.

Jana Baba Mdogo alirudi. Alikunywa chai yake, akimtazama Tumaini anavyocheza. Abiria mmoja wa basi, mgeni hapa, akawasha sigara. Kabla sijafungua mdomo, Baba Mdogo akasimama.

"Kavutie nje, ndugu yangu. Shemeji yangu hakuvuta hata moja. Tulimvutisha sisi, humu ndani."

Akakaa, akajifuta macho kwa kofia yake.

Huko uliko, Mama, vuta hewa mpaka ushibe.

Ni mimi binti yako,
Mama Tumaini