Kichwa cha mshale mfukoni mwa Delbert

Joleen uko wapi?? Kaka'ngu Delbert leo kanisani, jamani, nimecheka mpaka machozi!

Si unajua msimu wa kuwinda kulungu unafunguliwa Jumamosi. Wiki nzima anamsimanga mama mkwe wake: "Mama Verna, vichwa vyako vya mshale ni vya kizamani! Vyangu nyembe zake zimekunjwa, zinachanua zikimgonga mnyama tu."

Basi akatia kimoja mfuko wa nyuma, akawaonyeshe wenzake baada ya ibada.

AKAKIKALIA.

Kikachanua, Joleen! Kikachanua!!

Watu wote wamesimama kuimba, yeye kabaki kwenye benchi, jasho linamtiririka. Mama Verna akamwinamia: "Mkwe wangu, simama."

"Siwezi, Mama."

"Kimefunguka?"

"Kimefunguka."

Mama wa watu akasema "Amina!" kwa sauti, kanisa zima likaitikia 😂😂

Kashonwa nyuzi sita, Joleen. SITA. Amelala kifudifudi pale hospitalini, akamwuliza kwa unyonge: "Mama, hivyo vyako visivyokunjwa unanunua wapi?"

Mama Verna hakucheka hata kidogo. Akavuta kiti: "Keti hapa, mwanangu, nikuelekeze."