Mstari Chini ya Rangi

Barking, Jumanne

Kaka Evodius,

Senene wamefika salama, nimewala wote peke yangu. Nilipokuonya kwa simu ulinicheka, na kitochi chako hakipokei picha, ndiyo maana Beatha, anayesafiri kuja nyumbani, anakuletea barua hii na nakala ya mchoro. Atafika Bukoba Ijumaa.

Unajua kazi yangu hapa London ni kupiga picha michoro ya meli za kale. Juzi nilipewa manowari ya Waingereza ya miaka ya 1890, zile nyembamba za kuwinda boti za torpedo, yaani makombora ya majini. Mhandisi alitaka mbio, akapunguza unene wa bati kila mahali. Ikakimbia kweli. Lakini pembeni mwa mchoro fundi ameandika kwamba rangi ya sitaha ilipasuka kwa mstari, toka ubavu hadi ubavu. Mabaharia wakaipaka upya mara tatu. Hawakuwahi ya nne. Meli ilikatika katikati, palepale penye mstari.

Nilikukumbuka wewe, Kaka. Si wewe uliyeniambia kwamba meli yenu, tangu irefushwe ibebe ndizi zaidi, inakula rangi, na kila wiki unapiga brashi mstari uleule?

Usiseme Ulaya imenifanya mwoga. Naogopa kwa sababu nimeona. Usipake tena. Mwache mkaguzi auone mstari ulivyo, na nahodha akikataa, shuka.

Jana Mama alinipigia akiwa na furaha. Anasema Jumamosi unampeleka Mwanza kutibiwa macho, na umemchagulia nafasi nzuri, katikati ya meli.

Mdogo wako,
Generosa