Mbwa Wako Hataki Mabuti

Baba Zuhura,

Wifi Somoe amefika hapa Mikindani jana na salamu zako. Anasema uko kwake Mahurunga, mguu umevimba, yule mke wa pili amekufungia mlango, na sasa unataka nikutandikie kitanda kwenye chumba cha uani. Anasema pia uliuliza kama Komando bado yu hai. Kuhusu mimi hukuuliza. Nilicheka mpaka Somoe akaweka kikombe chini.

Nakujibu hadharani, tena kwa makusudi. Miaka yote, kabla ya kunipiga, ulinitoa kwanza uani ili majirani wasikie na wakujue kuwa ni mwanamume. Basi na jibu walisikie.

Nianze na mazuri, isije ikasemwa nimekunyima haki yako. Nakumbuka siku ulipomleta Komando kutoka Nanyamba, msimu wa korosho, umemtia kwenye kikapu mbele ya baiskeli, kichwa kimechomoza kama bibi harusi anayechungulia wageni. Ulishuka unacheka. "Mama Zuhura, nnakuletea mlinzi," ulisema, ukamlambisha maziwa kwa kidole. Siku hiyo nilikupenda, sikatai.

Kesho yake ukaanza kumfundisha ukali. Ulisema mbwa wa korosho akizoea watu hafai kitu, ukamfungia bandani mchana kutwa na kumtilia pilipili kwenye ugali, kama alivyofanya baba yako. Jioni ulirudi shambani na mabuti yako ya mpira, ukamfungulia, na kabla hajanyoosha mgongo ukampiga teke. "Ajue mwenye nyumba nani," ulisema. Kisha ulikuja jikoni na mabuti hayohayo. Mimi na Komando tulijifunza kuyasikia yangali mbali kwenye mikorosho, pwaka, pwaka. Yeye alibana mkia, mimi nilibana tumbo.

Unaikumbuka siku aliyosimama mlangoni akakuonyesha meno, wewe umeninyanyulia mkono? Ulirudi kinyumenyume ukajikwaa kwenye kinu. Ukasema nimemroga. Mwezi haukuisha ukaenda kuoa ng'ambo ya mto. Dume zima, umefukuzwa na mbwa uliyemfundisha mwenyewe.

Sasa habari zake, maana umeziuliza. Mwezi uliopita alinasa kwenye waya uliotegewa nguruwe pori. Shingo ikachanika, kidonda kikaanza kuoza. Nilimpakia kwenye guta la magurudumu matatu mpaka Mtwara mjini kwa daktari wa mifugo. Tangu uondoke, Komando hakubali mwanaume yeyote anisogelee, na pale alisimama mbele yangu, manyoya ya mgongo yamesimama, akamkatalia daktari katakata. Mimi nikafanya nilichokuwa nakuona ukifanya. Nikavuta kamba, nikafoka. Akazidi kuwaka.

"Mama, usimfokee," daktari alisema. "Akikuona umekasirika, anajua kweli kuna hatari. Kaa chini. Legeza kamba. Pumua taratibu." Halafu akaniambia bila kuzunguka, "Nisipomgusa leo, mrudishe nyumbani ukamtafutie mtu wa bunduki. Kidonda hiki kitamtesa bure."

Nikakaa kwenye saruji na kanga zangu. Nikalegeza kamba. Komando akaanza kushusha manyoya. Daktari akapiga hatua moja.

Pwaka.

Tulishtuka wote wawili. Tumbo langu lilijibana kabla sijajua kwa nini. Nikatazama chini nikaona mabuti meusi ya mpira, yamefika magotini.

"Daktari, samahani," nikasema, "vua mabuti."

"Mabuti?"

"Vua, baba. Hana ugomvi na wewe. Ni hayo mabuti."

Hakunicheka. Aliyavua akayaweka nje ya mlango, akaja peku, kwa ubavu, bila kumkazia macho, akakaa chini kama mimi. Nikamfunika Komando macho kwa kanga na kumwekea mkono kifuani. Unajua sikuwahi kumgusa. Chakula nilimpa kwa upawa, kwa kuwa ulisema mwanamke akishika mbwa nyumba inanajisika. Siku hiyo nilimshika. Nikamsimulia upuuzi wowote ulionijia, bei ya nyanya, mbuzi wa jirani. Sindano ilipoingia aliguna tu, akazika kichwa kwapani kwangu. Daktari akaosha kidonda, akashona.

Nilitoka nimelowa udenda mpaka kiwikoni. Nikajiosha kwa maji na udongo kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani, nikaswali alasiri yangu. Udenda wa mbwa ukiuosha unatoka, Baba Zuhura. Wewe nimekusugua miaka na miaka.

Leo kidonda kimekauka. Ugali wake hauna pilipili, na bandani hafungiwi mtu. Nasinzia mchana barazani, yeye kalala miguuni pangu, na mtu akipita njiani sishtuki. Somoe ananiambia mguu uliovimba ni wa kulia. Naufahamu mguu huo. Alitaraji nitasikitika, na nilijipekua kweli nione kama kuna huruma iliyobaki. Sikuikuta.

Tulipokuwa tunaondoka, daktari aliniuliza ni nani aliyekuwa akivaa mabuti nyumbani kwetu. Nikamwambia alikuwa mume wangu.

"Alikuwa?"

"Amekufa, daktari."

Akanipa pole kwa sauti ya chini, kwa mikono miwili. Nikaipokea. Siwezi kurudi Mtwara mjini kumwambia aichukue pole yake. Kwa hiyo chumba cha uani hakipo. Nimemwomba Somoe akusomee barua hii uani kwake, mbele ya majirani, polepole, asiruke neno. Ulale pema huko Mahurunga.

Mjane wako,
Mama Zuhura